Jinsi Febronia Alivyoulowesha Muhuri wa Ofisi Huru

Enyi wenye ndoo vichwani na magaga miguuni, nanyi pia mliokalia viti vya kuzunguka, zimeni redio mkae kimya! Vinasimuliwa leo vita ambavyo havikupigwa kwa mkuki wala kwa bunduki, bali kwa zambarau. Na aliyevipigana ni Febronia, Mama Vaileth, mwenye shingo ya kubeba debe, mwenye ulimi usiokopesheka, mkazi wa kata moja njia ya Ushirombo, wilayani Bukombe, ambayo jina lake tunalistiri isije ikajisifu bure.

Chanzo ni Bujiku, mtendaji wa kata, bwana wa mihuri minne na kofia moja. Wanawake waligoma kumfagilia barabara mgeni ambaye hata hakuja. Bujiku akawaka, akashuka kisimani na spana, akaung'oa mpini wa pampu, akauchukua mateka. Siku arobaini kina mama wakachota kwenye shimo lililoachwa na wachimbaji, maji mekundu yenye vyura wenyeji. Vaileth, binti wa miaka sita, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Ilikuwapo, lakini, Ofisi Huru ya Uangalizi, iliyoundwa kuwachunga kina Bujiku. Na uhuru wake ulikuwa hivi: chumba cha Bujiku, meza ya Bujiku, ufunguo wa choo mfukoni mwa Bujiku, na hilo neno HURU mlangoni limeandikwa kwa rangi iliyobaki Bujiku alipopaka nyumba yake. Humo aliketi Otmar, ngome ya wanyonge, simba wa miayo. Febronia alikwisha kumletea barua mbili za kuudai mpini. Hazikugongwa muhuri, na barua isiyo na muhuri ilihesabiwa haijazaliwa.

Asubuhi ya vita akaingia na ya tatu.

"Mwangaluka, mayu," Otmar akamwamkia kwa Kisukuma.

"Leo salamu baadaye. Gonga hapa, na kwenye nakala yangu gonga hapa."

Otmar akaukandamiza muhuri kwenye pedi. Ko! Kama umepiga jiwe. "Wino umekauka, Mama Vaileth. Anayetupa wino ni mtendaji. Nimeomba tangu Pasaka, anataka niandike sababu ya kuuhitaji."

"Na sababu ni ipi?"

"Kumlalamikia yeye."

"Umeandika?"

"Mama, mimi nina watoto."

"Na mimi ninaye, anakunywa vyura!"

Ng'ambo ya korido kikapasuka kicheko. Bujiku alikuwa kitini katika ofisi yake, mlango wazi. Na kilichouzuia mlango ule usifungwe na upepo, enyi wasikilizaji, kilikuwa mpini wa pampu.

"Hiyo ni ofisi huru, mama!" Bujiku akanguruma. "Mimi siigusi. Hata wino siipelekei, nisije nikaambiwa naihonga!"

Febronia akatoka na hasira iliyomkausha koo. Langoni aliketi Apolonia, muuza zambarau. Akanunua fungu la kujiburudisha, limefungwa kwa karatasi. Na alipoikunjua karatasi akayaona maandishi yake mwenyewe. Barua ya pili!

"Karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kwa mtendaji. Kila Ijumaa ananigawia."

Wengine wangelia. Febronia akatazama. Zambarau iliyopasuka ilikuwa imemwagika juu ya jina lake, rangi ileile ya mihuri ya serikali. Akaisugua kwa mate. Haikutoka. Akaisugua kwa kanga. Kanga ikaharibika.

"Nipe kopo zima."

"Utavimbiwa, mama!"

"Si za kula. Ni risasi."

Akarudi kama mvua ya mawe, akaikamulia pedi tunda baada ya tunda, mbegu zikiruka hadi kwenye picha ukutani.

"Mama, kanuni..." Otmar akalia.

"Isome! Inasema wino wa nini?"

Akaisoma yote, kidole kikitembea. Kanuni ilitaka muhuri, tarehe na saini. Juu ya matunda ilinyamaza. Basi mkono wake ukapanda, ukashuka. Pwaa! IMEPOKELEWA. Miaka miwili ya utumishi, na Otmar hakuwahi kuuona muhuri wake ukisema neno. Akagonga nakala. Akagonga meza pia, kwa utamu tu. Kisha akasimama, akavuka korido, hatua sita ambazo hakuna mwangalizi aliyezivuka kabla yake.

"Ndugu Mtendaji," akanena, sauti ikiwa nyembamba kama uzi, "malalamiko yamepokelewa. Kifungu cha tisa: kilichochukuliwa kikabidhiwe kwangu leo."

"Muhuri gani unanuka matunda?" Bujiku akaunyakua waraka, akausugua kwa dole gumba aufute. Muhuri ukabaki pale pale. Na kando yake ikatokea alama ya dole gumba la Bujiku, duara zima, la kupendeza.

"Ahsante, baba," akasema Febronia. "Umeshatia sahihi kwamba umeiona barua."

Bujiku akalitazama dole lake. Otmar akainama, akauchomoa mpini. Upepo wa Bukombe, uliongoja siku arobaini, ukaubamiza mlango usoni pa mtawala.

Saa nane mchana pampu ikakohoa, ikatema kutu, ikatema maji. Vaileth akanywa wa kwanza, vikombe viwili, akajifuta kwa mkono akaomba cha tatu.

Kumbukeni basi, enyi wenye ndoo, kwamba Ofisi Huru iliwahi kuwa huru, siku moja, kwa kopo moja. Na kwa kuwa zambarau zina msimu na watendaji hawana, Febronia alikamua chupa nzima, akaiziba kwa gunzi, akaiweka darini. Ipo.