Msonobari wa Pouymarens

Jumatatu, 3 Machi 2008
Safari hii hawanipati! Viti vya baraza la kijiji ni tisa, wagombea tisa, nami nimo. Kushindwa hakuwezekani. Jumapili kura zikishahesabiwa, watu watapanda tela la trekta, na kila aliyechaguliwa atasimikiwa msonobari wenye bendera mbele ya mlango wake. Mwenye nyumba lazima awakaribishe ndani, wale na kunywa. Ndiyo desturi, haikwepeki. Nimeosha zile glasi kumi na mbili za marehemu mke wangu, Simone. Tangu nimzike, mwaka wa tatu huu, hakuna aliyeingia humu. Hata tarishi huishia langoni.

Jumapili, 9 Machi
Aibu! Huku kwetu mpiga kura hukata kwa kalamu jina asilolitaka. Wanane wamepita. Mimi nimekatwa na watu arobaini na mmoja kati ya hamsini na wanane. Mmoja kanikata kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Meya Odile Castaing akanifariji kwamba kiti kimoja kimebaki, duru ya pili ni wiki ijayo, ila nisiwachoshe watu na yale mambo ya mfalme.

Mambo ya mfalme! Kitongoji changu, Pouymarens, kilikuwa kijiji kamili chenye meya wake hadi 1827, mfalme alipokiunganisha na kijiji hiki cha Larroque kwa sahihi moja. Nakala ya amri ninayo. Sasa nimebaki mimi tu huku. Wasipoisikia kwangu wataisikia kwa nani?

Jumatano, 12 Machi
Kampeni nyumba kwa nyumba. Kila mlango nimesoma amri yote, kurasa nne. Jirani yangu wa upande wa Larroque, Fernand Dubosc, alivumilia ukurasa mmoja. "Aurélien wee, huyo mfalme keshaoza, na supu yangu inapoa!" Akafunga mlango. Nikamalizia dirishani.

Jumapili, 16 Machi
Kashinda Fernand! Hakugombea hata kidogo, alikuwa mtoni anavua samaki. Watu wameliandika jina lake wenyewe. Trekta lilipita hapa kwangu likibeba msonobari wake. Nilisimama langoni na chupa mkononi. Wakapunga mikono, wakapita. Nikarudi ndani, nikala soseji peke yangu. Iliniuma, sifichi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimefufua Pouymarens! Mpiga kura mmoja, meya mmoja, ushindi wa kishindo. Nikakata msonobari (msituni kwa Fernand, anayo mingi), nikausimika mwenyewe. Ukaangukia banda la kuku. Makelele yakafika kijijini. Wakaja mbio watu saba, Fernand mbele, Odile akihema nyuma. Walidhani nimekufa. Waliponiona mzima, na bendera imemfunika jogoo, walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakausimamisha mti sawasawa, wakaingia ndani, wakamaliza chupa zote. Nyumba ilijaa sauti. Odile alizipangusa glasi za Simone moja moja, akaniuliza taratibu, "Sasa Aurélien, si ungetuita tu?"

Jumanne, 18 Machi
Ungetuita tu! Watu hawaji hivi hivi. Walifuata umeya wangu. Fernand kanialika chakula Alhamisi, bata wa kuchoma. Nimemjibu sina nafasi, nitakuwa napima mipaka ya Pouymarens. Uchaguzi ujao ni baada ya miaka sita. Glasi zote kumi na mbili nimeshaziosha, zipo mezani.