Nusu Saa ya Bure ya Bi Tvedt

Jumatatu, 3 Februari
Mke wangu, Leona, amepandwa na wazimu. Anataka tumwajiri mshauri wa biashara! Ni Marlys Tvedt, mwanamke wa Duluth, anayeshauri kumbi za boling tu, kama huu wetu wa kuvingirisha mipira na kuangusha pini, wala hajui biashara nyingine. Daktari asiyetibu ila kidole gumba! Leona akasema, Stan Grahek wee, ligi ya wachimbaji chuma ikituacha tumekwisha. Kapteni wao, Eino Salmela, ametupa hadi Alhamisi. Mchezo ukiharibika tena, watahamia kwa Kinnunen, mwenye ukumbi wa mji wa jirani. Malalamiko yao: mipira inateleza mno kwenye njia za kuivingirishia. Walitaka itambae?

Baadaye. Nimegundua kwamba Bi Tvedt hatozi malipo kwa nusu saa ya kwanza ya simu. Ahaa!

Jumanne, 4 Februari
Nimempigia. Si kwa jina langu, mimi si wa kuchezewa. Nilijifanya kasisi mwenye ukumbi chini ya kanisa. Badala ya kunishauri, akaanza kunihoji! Njia ni za mbao au za plastiki? Nani huzipaka mafuta? Husafishwa lini? Mpelelezi mtupu. Ili asinitambue, nikasema njia zangu ni kavu kama jangwa. Akajibu, basi baba, ongeza mafuta maradufu. Utaalamu wenyewe ndio huo!

Jumatano, 5 Februari
Leo nilikuwa mjane wa Bemidji, kwa sauti nyembamba. Nikasema wateja wangu ni vikongwe wanaoumwa na kichwa. Akashauri nizime muziki, niondoe bia, nilete chai, nitundike vibao vya kuomba utulivu. Kisha akasema, mama, mbona unakohoa kama kasisi wa jana? Akacheka, akasema hana kinyongo. Nimweleze tu ukumbi wangu ulivyo kweli, naye atanisaidia kwa muda uliobaki.

Mtego! Mtu aliyedanganywa mara mbili, kisha anataka kusaidia? Ni jasusi wa Kinnunen huyo. Nikakata simu.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepaka njia mafuta maradufu kwa mashine, mimi mwenyewe. Muziki nimezima. Vibao vya KIMYA kila ukuta. Leona akaniuliza kama nina homa.

Eino na wenzake wakaingia kwa vishindo, wakakuta birika la chai. Akauliza, mzee, nani kafa? Mwenzake akasema hata matanga ya bibi yake yalikuwa na bia. Eino akatupa mpira wa kwanza: mferejini, kando ya njia. Alipotupa wa pili, miguu ikamponyoka, akaufuata kwa makalio hadi kwenye pini. Tisa zikaanguka! Nikapiga makofi, nikamwambia hajapata matokeo mazuri hivyo tangu Krismasi. Hakucheka. Wakavaa makoti yao. Akasema, kwaheri mzee, kwa Kinnunen angalau mtu anabaki wima.

Leona amejifungia na simu tangu hapo. Simu hiyo naishuku.

Ijumaa, 7 Februari
Leona amemwita Bi Tvedt bila idhini yangu. Amefika, amepitisha kidole njiani, amekitazama, kisha ameuliza ni nani anayepaka mafuta. Watu wote ukumbini wakanielekezea vidole, hata muuza soseji! Njama. Eti kwa miaka nimekuwa nikipaka mafuta mapya juu ya yale ya zamani bila kusafisha. Wamesafisha njia zote. Leona akampigia Eino na kumsihi, karibu alie. Wachimbaji watarudi Alhamisi ijayo, mara moja tu, kwa sharti kwamba nisiisogelee mashine ya mafuta. Wakiteleza tena, tunafunga milango.

Jumamosi, 8 Februari
Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa kumsikiliza mtaalamu wa boling. Amezama mno katika boling, haoni mbali. Nimempata mshauri wa saluni za nywele, Minneapolis. Naye nusu saa ya kwanza ni bure. Nikamwambia wateja wangu ni wachimbaji chuma, vumbi limewakausha vichwa, na wananikimbia. Hakuniuliza hata swali moja! Akajibu papo hapo kwamba niongeze mafuta.

Hatimaye, mtu anayeijua kazi yake. Leona ameficha ufunguo wa mashine. Nina hadi Alhamisi kuupata.