Malalamiko Kuhusu Vitamini Ulizowapa Kuku wa Mke Wangu

Ndugu Afisa Mifugo,

Natumaini u mzima, kwa kuwa afya ndiyo kazi yako, ingawa umeamua kuwagawia kuku peke yao. Mimi ni mume wa yule mama wa kuku wa mayai, nyuma ya karakana ya seremala. Ulikuja kwetu, ukachungulia bandani, ukatikisa kichwa kama daktari bingwa, ukamwambia mke wangu kuku wake wana upungufu wa vitamini. Ukamwachia kopo la unga wa kuchanganya kwenye maji. Tangu hapo nyumba yangu haikaliki.

1. Zamani maganda yalikuwa laini. Kila asubuhi mayai mawili matatu yalipasuka, na yai lililopasuka haliuziki, basi lilikuwa kifungua kinywa changu. Ni haki niliyokuwa nayo tangu tulipooana. Sasa maganda ni magumu kama vigae. Nakunywa chai kavu huku nikitazama trei za mayai yasiyo na hata ufa.

2. Wanataga kupita kiasi. Sebule imejaa trei. Baba mkwe alipotutembelea aliketi juu ya ndoo.

3. Maji ya kuku huchanganywa upya kila asubuhi, kwa sababu ulisema yakikaa juani vitamini zinaharibika. Chakula changu kikikaa mezani hadi kiote ukungu, hakuna anayeuliza kinachoharibika humo.

4. Nilipomweleza mke wangu, kwa upole, kwamba magoti yananiuma na huenda nami nina upungufu, alinitazama juu hadi chini, akasema, "Kuku wanataga. Wewe unataga nini?" Watoto walicheka. Seremala alisikia kupitia ukuta, na sasa kila tukikutana hunipa pole ya uzazi.

Hivyo, chagua moja. Ama uje uondoe vitamini zako, ama uniingize rasmi katika idadi ya kuku, nami nipimiwe kijiko changu. Sina makuu, nitalala bandani kwenye maranda kama wenzangu.

Nisalimie mkeo, wanao, mlinzi wa ofisi yenu, na yeyote hapo ambaye hajawahi kumshauri kuku.

Wako, ambaye uvumilivu umemfika kooni,
Mume wa Mama Kuku

Nyongeza: Nilipokuwa bado natafuta bahasha, mke wangu alisafiri kumuuguza dada yake. Kopo likaisha. Aliniagiza nije kwako kuchukua jingine, nikashikilia msimamo. Hii ni wiki ya tatu. Leo yule kuku mweusi, mwenye kishungi kilichomwangukia jichoni, ameshindwa kusimama. Nimemlaza juu ya koti langu la harusi, namnywesha maji kwa kijiko. Tafadhali yafute yote niliyoandika. Njoo na kopo lile kubwa, uje mwenyewe, usitume mtu. Bado anaitikia nikimwita.