Siku Fundi Alipokataa Kuchoka

Sogeeni, enyi mliojaliwa masikio, na wewe uliyejilaza chini ya feni ukidhani dunia imeishiwa mashujaa, jiinue japo kwa kiwiko. Nawaletea habari za vita vikuu vilivyopiganwa msimu wa joto, hewa ilipokuwa nzito na yenye majimaji kama taulo lililosahaulika bafuni. Vita visivyo na mkuki wala ngao, vya watu wazima wenye akili zao timamu waliokubaliana kutembea kwa miguu kila Jumapili asubuhi, bila kufukuzwa na mtu, wakaliita jambo hilo burudani.

Nilikuwapo. Sikualikwa, nilifuata umbea, na siombi radhi.

Amiri wa jeshi hilo alikuwa muuza dawa wa mtaani kwetu, kwa lakabu Jemedari, mwenye kifua kilichotangulia mwili na filimbi iliyotangulia kifua, ambaye kwake yeye kila mahali duniani ni "hapo mbele tu". Akifuatiwa na Mwalimu, bingwa wa hesabu, mtabiri wa mvua zisizonyesha. Akifuatiwa na Kinyozi, mwenye taulo begani na maneno yasiyokauka. Na nyuma yao wote, mbali kabisa, akiburuta miguu, alikuja shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi cherehani, ambaye miguu yake hukanyaga mashine kutwa nzima bila kufika popote. Mashujaa hao walimpa jina la Mkia.

Jina likawa na mbio kuliko mwenyewe. Lilifika dukani kwake, wateja wakawa wanaulizia suruali zao kwa Fundi Mkia. Kisha likavuka kizingiti cha nyumba yake. Jioni moja dada yangu, bila hila yoyote, alimwambia, "Mkia, chakula kinapoa." Nilikuwa pale mezani. Fundi aliweka kijiko chini akaitazama sahani. Mimi ambaye humtania shemeji yangu kwa lolote niliumeza utani wangu, maana niliona uchungu, tena uchungu wa kweli. Usiku ule aliapa mbele yetu kwamba Jumapili ijayo hatakuwa wa mwisho, hata ikimbidi afe barabarani akiwa na viatu vyake miguuni.

Sasa jueni siri ya jeshi lile tukufu. Katika mashujaa wale hakuna aliyewahi kuchoka, hakuna hata mmoja. Ila kila walipofika penye kivuli, Jemedari aliinua mkono na kusema kwa sauti ya huruma, "Tumsubiri mwenzetu." Basi waliegemea ukuta, wakanywa maji, wakajipepea na kutweta, huku wakisikitikia udhaifu wa Fundi. Naye alipofika akihema, filimbi ililia na safari ikaendelea palepale. Hivyo mtu pekee aliyeimaliza njia nzima bila kupumzika alikuwa yule yule waliyemwita Mkia, na katika vichwa vyote vile vilivyosoma halikupatikana hata kimoja cha kuligundua hilo.

Jumapili ikafika. Jua lilichomoza na hasira zake, na mashati yalikuwa yameganda migongoni kabla hatujatoka mtaani kwetu. Filimbi ililia. Fundi akatoka mbele.

Alipita duka la mikate, akapita uzio wa shule, akafika penye ukuta ule wenye kivuli, wala hakuugeukia. Jemedari, kwa mazoea, aliinua mkono na kufungua kinywa. Kisha akageuka nyuma kumtafuta wa kusubiriwa, asimwone mtu ila mimi na mwavuli wangu. Alinitupia jicho la matumaini. Nikamwambia kwamba mimi sisubiriwi, mimi ni mtazamaji tu, na nikaongeza mwendo.

Hapo ndipo jeshi lilipoanza kuteketea. Kinyozi aliishiwa maneno, jambo ambalo hata mkewe hajapata kulishuhudia. Mwalimu aliinama kufunga kamba za viatu, akasimama, akainama tena kuzifunga zilezile. Jemedari aliuma filimbi yake wala haikutoa mlio, maana pumzi ya kuipuliza ilikuwa imekwenda mahali pengine penye shida zaidi. Wote walikuwa wamelowa na wekundu wa macho, na wote, nawaapia, walikuwa wakisema jinsi asubuhi ilivyo nzuri.

Na Fundi? Msidhani alikuwa mzima. Nilikuwa karibu naye tulipoanza kupanda kilima cha tangi la maji, nikaona akiyasukuma mapaja kwa mikono na midomo ikimkauka. Nilimnong'oneza apunguze mwendo. Akatikisa kichwa tu, akasonga mbele.

Katikati ya kilima, Jemedari alijikokota hadi ubavuni pake, akaweka mkono kifuani, akatoa hotuba.

"Fundi, ndugu yangu, mimi na wewe tumetoka mbali. Kutembea ni afya, sikatai, lakini afya nayo ina kiasi chake. Sasa nakuomba, kwa heshima zote, hebu choka kidogo."

"Mimi sijachoka," alisema Fundi bila kugeuka. "Kama yupo aliyechoka aseme, tutamsubiri."

Jemedari alimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Kinyozi, Kinyozi akanitazama mimi, nami nikatazama mbingu. Fundi akapiga hatua nyingine.

"Nimechoka," alisema Jemedari, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Sijasikia."

"Nimechoka, Fundi. Hata zile siku nyingine tulikuwa tumechoka sisi. Wewe tulikusingizia tu."

Fundi alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaketi ukingoni mwa barabara, polepole, kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni, na jeshi zima likaporomoka miguuni pake.

Wakati wa kurudi ulipofika, vigimbi vyake vilikuwa vimekaza kama mbao na hakuweza kuinuka. Ikabidi abebwe. Jemedari na Kinyozi waliunganisha mikono kuwa kiti, Mwalimu akabeba viatu vya Fundi, nami nikamwinulia mwavuli juu ya kichwa, na hivyo ndivyo mshindi alivyoteremshwa kilimani hadi mtaani kwetu, wabebaji wakitweta waziwazi bila kuona haya. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yake aliacha ufagio, akauliza kwa wasiwasi kama yule mgonjwa amezidiwa.

"Mimi mzima, mama," Fundi alimjibu kutoka juu. "Waliochoka ni hawa."

Na iandikwe hivyo katika tarikhi za mtaa wetu, na atakayebisha aje aniulize mimi, shemeji yake.