Siku Soko la Nakawa Lilipoamriwa Kuwa Huru

Wananchi wote wa Kampala mnajulishwa ya kwamba kuanzia Jumatatu asubuhi soko la Nakawa ni huru. Asiyekuwa huru atakamatwa.

Hilo tangazo niliandika mimi, Ogutu, Mshauri wa Uchumi wa Meja Tarcisio. Nilikuwa nimemaliza Senior Six, kidato cha mwisho, juzi tu, naranda mjini bila kazi. Meja akauliza nani hapa amesoma uchumi, nikainua mkono. Mbele ya jeshi mkono ukishapanda haushuki.

Nikamwelezea Meja habari ya mzungu mmoja wa zamani. Alishakufa, kwa hiyo hakamatiki. Huyo mzungu alisema serikali isipange bei. Kila mtu auze bei anayotaka, na vitu vitarudi sokoni vyenyewe. Wakati ule sukari ilikuwa imepotea vile watu walikuwa wanapotea: huulizi. Na Jumatano Jenerali alikuwa anakuja kwa Meja, Bukoto, kunywa chai. Jenerali akikosa sukari, mtu anakosa cheo.

"Huyo mzungu ana akili," Meja akasema. "Toa amri."

"Afande, yeye anasema kusiwe na amri."

"Basi tunaamuru kusiwe na amri."

Jumatatu tukafika na malori ya askari, kulinda uhuru. Meja akaanza na mama wa sabuni.

"Sabuni bei gani?"

"Bei ya gavumenti, afande."

"Hapana! Sema bei yako wewe."

"Yangu ni hiyo ya gavumenti."

"Haya, leta sabuni."

"Ah, kwa bei hiyo sabuni hakuna, afande."

Meza zote zilikuwa hivyo, tupu na tiifu. Walikuwa wanamkumbuka Masinde, mtoto wa Mama Nafuna. Aliuza sukari kwa bei yake mwenyewe, na sasa alikuwa anaoza kwenye mahabusu ya Meja.

Tukafika kwa Mama Nafuna. Kakaa juu ya gunia la makaa.

"Nyabo, sukari iko?"

"Itategemea kama kweli niko huru."

Askari mmoja akamwelekezea bunduki, ili awe huru kabisa.

"Naweza kutaja bei yoyote?"

"Yoyote! Ni amri!"

"Hata kama si pesa?"

Meja akanigeukia. Nikawaza haraka. "Afande, mzungu hakusema lazima iwe pesa."

"Basi kilo mbili ni Masinde wangu," Mama Nafuna akasema.

Watu wa meza tupu wakasogea karibu.

"Huyo ni mhalifu wa uchumi!" Meja akafoka. "Punguza bei!"

"Sawa, afande. Masinde, na viatu vyake mlivyomvua."

"Hiyo ni kupunguza?"

"Bei inapanda, afande. Ukichelewa nitaongeza na shati."

Meja akamfikiria Jenerali. Masinde akaletwa, amekonda, miguuni kavaa buti za askari kwa sababu viatu vyake havikuonekana. Mama yake akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku vile mtu anakagua nyanya. Ndipo akafukua sukari chini ya makaa.

Banange! Hapo chumvi ikatokea, na bei yake ilikuwa shemeji. Maziwa ya kopo yalikuwa mjomba. Mafuta ya kupikia, mume. Mke wa Meja, Mama Joska, alitaka chai ya Jenerali iwe na mandazi, kwa hiyo tulinunua sana. Mpaka jioni mahabusu ilibaki na mlinzi tu. Mzungu alisema kweli: vitu vilirudi, na watu pia.

Jumatano Jenerali akanywa, akalamba midomo.

"Tamu. Umepata wapi?"

"Soko huru, Jenerali."

"Ulilipa nini?"

Meja akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dari.

Siku hizi Meja ndiye yuko mahabusu, peke yake, nafasi kubwa. Mimi nimehamia kwa Mama Nafuna, bado mshauri, nashika mizani. Jana Mama Joska alikuja mwenyewe, miwani ya jua, sauti ya chini.

"Mkubwa mpya wa mahabusu anapenda sukari. Nipimie ya kumtoa Meja."

"Kiasi gani, nyabo?" Mama Nafuna akauliza.

"Masinde wako alikuwa kilo mbili. Wewe unajua bei za watu."

Mama Nafuna akamimina, akatazama, akapunguza kijiko, akapunguza tena.

"Robo."

"Robo kilo? Meja mzima?"

"Ndiyo, nyabo. Na hapo nimehesabu na cheo."