Bomba Lililonipiga Kofi Kilole

“Mtu mwenye shahada anashindwaje na bomba?”

Mjomba aliniuliza hivyo mbele ya majirani wote. Niliumbuka, jamani. Tena niliumbuka bila kosa, na hilo ndilo lililoniuma.

Ilikuwa hivi. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa ameruhusu maji yaingizwe majumbani hapa Kilole, na baba akataka bomba lake uani. Yote hayo kwa ajili ya bibi, mama yake mama, aliyeishi peke yake Kwaluguru na bado alikuwa akijitwika debe kutoka lamboni. Baba alitaka ahamie kwetu. Bibi hakukataa. Alisema tu, akiutazama ukuta (mkwe hamtazami mkwe usoni), “Nitahamia siku nitakapoona maji yakitoka uani.”

Haya. Akaletwa aone.

Fundi Salehe alikuwa ameshazika mabomba. Asubuhi ile akaanza kuzungushia nyuzi za katani kwenye ncha ya bomba kabla ya kufunga koki.

“Katani ya nini?” nikauliza.

“Ndivyo tunavyofunga.”

“Hiyo si sababu.”

“Miaka yote kwenye mashamba ya mkonge hakuna aliyeniuliza.”

“Mimi nakuuliza.”

Akanitia spana mkononi. “Basi funga wewe, msomi.” Akaenda zake kukaa jamvini na kunywa kahawa!

Nikafunga. (Kwa katani. Nilikuwa mbishi, si mjinga.) Kisha nikatoka nje ya ua, nikafungua maji kwenye koki kubwa ya barabarani, kwa mikono yangu hii miwili. Lishikeni hilo vizuri: nilifungua! Bibi alikuwa pale pale ananitazama. Ndipo nikaenda kubadili nguo.

Majirani wakakaa. Shehe akaomba dua. Mama akaweka debe jipya chini ya bomba. Nikazungusha koki.

Ikakohoa, ikatema matone matatu, ikanyamaza.

“Kule nje hujafungua,” fundi akasema, akipuliza kahawa yake.

“Nimefungua!”

“Kaangalie.”

“Nikaangalie nini, na nimefungua mwenyewe?”

Hapo ndipo mjomba alipouliza swali lake. Watu wakacheka. Baba akainamisha kichwa. Bibi hata kutazama alishindwa, akanyanyuka, akatoka.

Hasira zikanipanda. Nikashika spana, nikaing’oa koki yote. Kama maji yamekwama, nitaona yalipokwama! Nikapiga magoti, nikafumba jicho moja, la pili nikalibandika kwenye tundu la bomba.

Yakaja.

Yalinipiga usoni nikaanguka chali. Kitambaa changu cha kichwa kikatua kwenye sinia la pilau. Shehe akalowa kanzu nzima. (Fundi naye kahawa yake ilijaa upya, nikafurahi kidogo.) Mimi nimelala topeni, mdomo umejaa maji, napiga kelele: “Nilifungua! Nilifungua mimi!” Nani wa kusikia? Wameshika mbavu.

Bibi akarudi, akasimama kwenye mlango wa ua, akalitazama ziwa lile.

“Pole, mke mwenzangu,” akaniambia. Kisha akaugeukia ukuta. “Mkwe, nashukuru sana. Lakini maji yanayopiga watu makofi, mimi siyawezi.”

Alasiri hiyo hiyo akapanda lori la Handeni, akarudi kwake Kwaluguru.

Tangu hapo nikawa “msomi aliyesahau kufungua maji”. Harusini hivyo, msibani hivyo. Nilibisha mpaka nikachoka.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, kwake Kwaluguru. Kwenye matanga, mama mdogo akanivuta kando akaniambia siri aliyoachiwa na bibi mwenyewe: koki ya barabarani aliifunga bibi, mara tu nilipompa mgongo, na akaifungua tena aliponiona nachekwa. Kuishi nyumbani kwa mkwe ilikuwa aibu kwake, na kumkatalia mkwe ilikuwa aibu kubwa zaidi.