Salamu za Wodi Isiyo na Maumivu

Mama Abrar hakuwa na mengi. Hakuwa na mjomba wizarani, wala mto wa pili, wala kengele ya kumwita sista. Tangu Jumatatu hakuwa hata na nyonga yake mwenyewe. Ile ya zamani, iliyochoka kwa kusimama akiuza mahamri Kayole, ilitolewa akawekewa ya chuma. Na zaidi ya yote, kwa mujibu wa faili lake, hakuwa na maumivu.

Hilo la mwisho ni tunda la Kamati ya Kupunguza Maumivu Baada ya Upasuaji, ambayo mimi, Mzee Kiema, ni katibu wake na mwakilishi wa wananchi. Niliteuliwa kwa ajili ya mwandiko wangu na cheti changu cha masomo ya usiku.

Zamani hospitali yetu ilikuwa ikiwauliza wagonjwa kama wanaumwa. Matokeo yalisikitisha: waliumwa. Kabati la dawa likawa linafunguliwa ovyo. Ndipo mwenyekiti wetu, Daktari Laban Makokha, akagundua kipimo cha kisasa kisicho na gharama: salamu. Sista anapita asubuhi, anauliza, "Habari ya asubuhi?" na jibu ndilo linaloandikwa. Ajibuye "nzuri" hana maumivu. "Njema," hana. "Alhamdulillahi," hana kabisa. Kijana wa Kware aliyeitikia "poa" huku ameuma shuka tulimwandika kuwa ameburudika.

Muda si mrefu maumivu yakaisha wodini. Kelele zilibaki, lakini kelele ziko chini ya idara nyingine.

Kisha Mama Abrar akatuharibia.

"Habari ya asubuhi, Mama Abrar?" akauliza sista Nthoki.

"Mbaya."

Nimekula chumvi nyingi, na sijawahi kusikia mtu mzima akijibu hivyo. Hata aliyefiwa huanza na "nzuri" ndipo aeleze msiba.

"Mama, sema tu nzuri, halafu tuongee," Nthoki akanong'ona.

"Jana nilisema nzuri. Juzi nilisema nzuri. Hiyo nzuri imenilaza hapa kama gunia la unga! Yule wa mazoezi anasema nisiposimama damu itaganda mguuni. Nipe dawa nisimame, mwanangu. Nikishasimama nitakwambia nzuri mpaka uchoke."

Kamati ilikutana kwa dharura, kwa chai na sambusa. Tuliazimia kwamba "mbaya" si dalili ya maumivu bali ni utovu wa adabu, na mgonjwa apelekewe mshauri nasaha. Ufunguo wa kabati ungebaki mfukoni mwa mwenyekiti.

Ijumaa wageni walikuja kutupa tuzo ya Wodi Isiyo na Maumivu. Sakafu ilipigwa deki mara mbili kwa heshima yao. Daktari Makokha alipoinua mikono kuwakaribisha, miguu ikatangulia. Nyonga ilivunjika, hata waliokuwa nyuma walisikia.

"Tumpeleke hospitali kubwa ya mjini?" mgeni mmoja akauliza.

Kamera zilikuwa zinamtazama. "Hapa hapa!" mwenyekiti akasema kishujaa. "Wodi yangu!"

Tuzo ikaahirishwa hadi apone. Akabadilishiwa nyonga, na suruali yake, ufunguo ukiwa mfukoni, ikakabidhiwa sista Nthoki. Asubuhi wageni wakazunguka kitanda chake.

"Habari ya asubuhi, daktari?"

"Nzuri... sana," akajibu, jasho likimtiririka.

Nthoki akaandika: hana maumivu. Wageni wakapiga makofi, wakaondoka.

"Sista! Dawa! Nakufa!"

"Pole, daktari. Salamu tumeshamaliza."

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa mbao unaotenganisha wanaume na wanawake. "Daktari, sema mbaya! Mimi nilisema na sijafa kwa aibu."

"Nikisema mbaya, tuzo itaenda kwingine!"

"Basi lala nayo, baba."

Sauti ya Mama Abrar ilikuwa na nguvu mpya. Inasemekana alfajiri Nthoki alifungua kabati kujaribu kama ufunguo bado unafanya kazi. Mimi sikuona, nilikuwa nikinakili kumbukumbu za kikao.

Mwenyekiti akachagua njia ya utaratibu: rufaa. Alisema, nikaandika. Aliomba wagonjwa waulizwe wanaumwa kiasi gani, waaminiwe, na wapewe dawa kabla maumivu hayajapanda kichwani. Barua nzuri sana. Nikamkumbusha kanuni aliyoitunga mwenyewe: rufaa hufunguliwa na mwenyekiti peke yake, mezani pake, ofisini.

"Mzee Kiema, si mimi ndiye mwenyekiti?"

"Ukiwa ofisini, ndiyo. Hapa wewe ni mgonjwa."

"Sasa nitafikaje ofisini na siwezi hata kuketi?"

Hilo halikuwemo katika kanuni. Nikaikunja barua, nikalamba gundi ya bahasha, nikagonga muhuri. Magoti yangu hayapendi ukumbi ule mrefu, na Mama Abrar alikuwa akipita na fremu yake ya chuma, hatua kwa hatua, akitafuta pa kufanyia mazoezi. Nikampa. Akaichomeka kwenye leso.

"Habari, daktari?" akauliza alipofika kwenye kitanda cha daktari.

"Nzuri, mama," mwenyekiti akajibu kwa mazoea.

Nthoki akaandika.

Mama Abrar akaendelea hadi mwisho wa ukumbi, akaangusha bahasha sakafuni mbele ya mlango uliofungwa wa ofisi ya mwenyekiti, na kwa mguu wa fremu akaisukuma chini ya mlango mpaka ikazama yote.